Fumbo la Kaisari: uliandike kwa Scratch, Python, JavaScript au BASIC?

Chukua neno ZIWA, sogeza kila herufi hatua tatu mbele, utapata CLZD. I imekuwa L, W imekuwa Z, A imekuwa D. Ile Z yenyewe haikuwa na pa kwenda, ikazunguka ikatokea upande wa A na kusimama kwenye C. Anayeipokea CLZD anarudisha kila herufi hatua tatu, na ziwa linarudi kuwa ziwa. Hatua tatu hizo ndizo ufunguo. Kusogeza mbele ni kufumba, kurudisha nyuma ni kufumbua, basi.

Kwa udogo wake, fumbo hili limekuwa zoezi la kila anayejifunza kuandika programu, na linastahili. Ndani yake kuna kitanzi cha kurudia kazi, kuna sharti, kuna kulikata neno herufi moja moja, kuna hesabu ya baki. Kinachowasumbua wengi ni kuchagua lugha ya kuliandikia. Nimeliandika kwa lugha nne ambazo wanaoanza huelekezwa mara kwa mara, na nimekaa pembeni nikitazama wengine wakiliandika. Hawakwami mahali pamoja. Kila lugha ina shimo lake, na nitazilinganisha kwa mashimo hayo, maana sifa za jumla kila lugha inazo.

Msimamo wangu niutangulize. Kwa mtu mzima au kijana anayechapa kwenye kibodi bila taabu: Python. Kwa mtoto, au kwa kundi linalotaka kuona kitu kikitembea kwenye skrini: Scratch. JavaScript ina sababu moja nzuri, na BASIC ina sababu yake ya pekee, nitafika huko. Ila kabla ya lugha kuna uamuzi mwingine ambao naona una uzito zaidi.

Kwanza njia, lugha baadaye

Herufi husogezwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza, unaandika alfabeti yako mwenyewe kwenye mstari mmoja, unatafuta herufi yako iko nafasi ya ngapi, unaongeza ufunguo, unachukua herufi iliyoko kwenye nafasi mpya. Ya pili, unatumia namba ambazo kompyuta inazitambua herufi kwazo. Katika jedwali la ASCII, lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na ambalo mifumo ya leo bado imelibeba, A ni 65 na Z ni 90. Herufi ndogo ziliongezwa baadaye: a ni 97, z ni 122. Unaigeuza herufi kuwa namba, unajumlisha, unairudisha kuwa herufi.

Njia ya pili ndiyo utakayoikuta katika mafunzo mengi, nadhani kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Mimi humshauri anayeanza aiweke kando kwanza. Inamtaka akumbuke kutoa 65 kabla ya kuzungusha na kuirudisha 65 baada ya kuzungusha, na akisahau, Z yenye namba 90 ikijumlishwa 3 inakuwa 93, ambayo kwenye jedwali ni mabano ya mraba ya kufungia. ZIWA linatoka `]LZD`. Mtu anaitazama alama ile na hajui imetoka wapi.

Njia ya alfabeti iliyoandikwa haina fumbo ndani ya fumbo. Unaiona alfabeti yenyewe, unahesabu kwa kidole. Na ina faida nyingine ambayo msomaji wa Kiswahili ataipenda: unaweza kuibadilisha. Kiswahili sanifu hakitumii Q wala X. Ziondoe, alfabeti inabaki na herufi 24, na fumbo lako halitatoa tena maneno yaliyojaa Q zisizotamkika. NYOTA kwa alfabeti ya 26 na ufunguo 3 ni QBRWD. Kwa alfabeti ya 24 ni RBSWD. Mstari mmoja tu wa programu ndio uliobadilika.

Kwa hiyo mifano yote hapa chini inafuata njia ya kwanza. Hii ndiyo sura yake kwa Python:

```python
ALFABETI = "ABCDEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZ"

def fumba(ujumbe, ufunguo):
    jibu = ""
    for herufi in ujumbe.upper():
        if herufi in ALFABETI:
            nafasi = ALFABETI.index(herufi)
            mpya = (nafasi + ufunguo) % len(ALFABETI)
            jibu = jibu + ALFABETI[mpya]
        else:
            jibu = jibu + herufi
    return jibu

print(fumba("Nyota yangu", 3))     # QBRWD BDQJX
print(fumba("QBRWD BDQJX", -3))    # NYOTA YANGU
```

Alama ya `%` ndiyo inayozungusha: inagawanya na kukupa baki. Z iko nafasi ya 25 ukianza kuhesabu na sifuri. 25 na 3 ni 28. 28 kwa 26 inabaki 2. Nafasi ya 2 ni C. Sehemu ya `else` inaziacha nafasi tupu, mikato na namba zipite kama zilivyo. Na tazama mstari wa mwisho: hakuna fanksheni (kipande cha programu chenye jina, kama `fumba`) ya kufumbua. Ni ileile, ufunguo ukiwa hasi.

Kuzungusha huku ndiko moyo wa zoezi, na si kila aliyetangulia alikuwa nako. Mwanahistoria Suetonius ameandika kwamba Julius Caesar, yule Kaisari wa fumbo letu, alisogeza herufi tatu, na kwamba Augusto, mrithi wake, alisogeza moja tu tena bila kuzungusha: alipofika X, herufi iliyokuwa ya mwisho kwao, aliandika AA. Kwa maneno ya leo, Augusto aliiogopa alama ya baki.

Python: inakuambia ulipokosea

Ninachoipendea Python kwenye zoezi hili ni kelele zake. Sahau kuweka `%` na ujaribu kufumba ZIWA: programu inasimama hapohapo na kusema `IndexError: string index out of range`, yaani umeomba herufi ya nafasi isiyokuwepo. Sahau kwamba alichochapa mtumiaji ni maandishi wala si namba, ukajumlisha 13 na "3": inasimama na kulalamika kwa `TypeError`. Kosea jina la kigeu, yaani jina linalobeba thamani, ukaandika `ufungo` badala ya `ufunguo`: `NameError`. Anayeanza huudhika na mistari hiyo myekundu. Ninamwelewa, lakini kila mmoja unataja mstari wa kosa, na lugha nyingine hapa chini zitakunyima hata hiyo huruma.

Kuna mahali pamoja Python inapodanganya. Inaruhusu nafasi hasi: `ALFABETI[-2]` inahesabu kutoka mwisho na kukupa Y. Matokeo yake, programu isiyo na `%` kabisa itakataa kufumba ZIWA lakini itafumbua CLZD vizuri kabisa. Kama ulianza kwa kuandika kufumbua, utadhani umemaliza. Jaribu pande zote mbili.

Usakinishaji wake ni mwepesi, na kwa Windows na macOS inakuja na kihariri chake kidogo kiitwacho IDLE, kinachotosha kabisa kwa mistari kumi na mitano. Ukishaielewa, fungua Python uandike `import this`. Zitatokea sentensi kadhaa kuhusu uandishi mzuri wa programu. Fungua faili linalozitoa, utakuta zimehifadhiwa zikiwa zimefumbwa kwa ufunguo 13, kwa utani wa waundaji wake. Ufunguo 13 una upekee wa kuwa nusu ya 26: ukifumba mara mbili, ujumbe unarudi. Kwa alfabeti yetu ya herufi 24, upekee huo unahamia kwenye 12.

JavaScript: inanyamaza, halafu inakuaibisha

Mistari ni karibu ileile:

```javascript
const ALFABETI = "ABCDEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZ";

function fumba(ujumbe, ufunguo) {
  let jibu = "";
  for (const herufi of ujumbe.toUpperCase()) {
    const nafasi = ALFABETI.indexOf(herufi);
    if (nafasi === -1) {
      jibu += herufi;
    } else {
      const mpya = (((nafasi + ufunguo) % 26) + 26) % 26;
      jibu += ALFABETI[mpya];
    }
  }
  return jibu;
}
```

Tofauti iko kwenye mstari ule wenye mabano mengi. Kwa nini baki mara mbili na 26 katikati? Kwa sababu lugha hazikubaliani baki ya namba hasi ni nini. Hili halisemwi vya kutosha kwa wanaoanza, kwa hiyo nimeliwekea jedwali:

| Lugha | Baki ya −3 kwa 26 |
|---|---|
| Python | 23 |
| Scratch | 23 |
| JavaScript | −3 |
| BASIC (QBasic, QB64) | −3 |
| C | −3 |

Kwenye fumbo letu tunataka 23: hatua tatu nyuma ya A ni X. Python na Scratch wanakupa bila kuombwa. JavaScript inakupa −3, na ukiomba herufi ya nafasi ya −3 haisimami wala hailalamiki. Inakupa neno `undefined` na kulibandika kwenye jibu lako. Andika `(nafasi + ufunguo) % 26` peke yake, fumbua QBRWD, na badala ya NYOTA utasoma `NundefinedOTA`. Angalau hilo linaonekana.

La pili halionekani. Ukiupata ufunguo kutoka kwenye kisanduku cha kuchapia, unakuja kama maandishi. JavaScript ikiambiwa ijumlishe 13 na "3" inaviunganisha na kupata "133", kisha inaigeuza kuwa namba ili itafute baki, inapata 3, na herufi N inakuwa D. Hakuna kosa lililotangazwa. Ubaya ni kwamba A inatoka sawa, kwa kuwa "03" ni 3, nayo pia inakuwa D. Mtu anajaribu kwa AAA, anaona DDD, anafurahi. Kumbe A na N zote zimekuwa D, na ujumbe huo hautafumbuliwa tena na yeyote, hata yeye mwenyewe. Dawa ni kuupitisha ufunguo ndani ya `Number( )` kabla ya kuutumia.

Basi kwa nini mtu aichague? Kwa sababu haihitaji kusakinishwa. Kompyuta yenye kivinjari tayari inayo: kwenye vivinjari vingi bonyeza F12, fungua konsoli (sehemu ya kuchapia amri), bandika mistari ile, andika `fumba("Ziwa", 3)`. Na ukitaka rafiki zako walitumie fumbo lako kwa kubofya kitufe kwenye ukurasa, hakuna njia fupi kuliko hii. Kama lengo lako ni kukionyesha kitu, ichague. Kama lengo ni kuelewa, itakuchelewesha.

Scratch: unaiona alfabeti, lakini unahesabu kuanzia moja

Scratch ilitoka kwa umma mwaka 2007 kutoka MIT Media Lab, na toleo la 3.0 likaja Januari 2019. Unapanga bloku za rangi kwa kipanya badala ya kuchapa, kwa hiyo hakuna mkato uliosahaulika wala mabano yasiyofungwa. Menyu na bloku zake zinaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Kwa mtoto ambaye Kiingereza bado kinamtisha, hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Kwa fumbo letu, Scratch haina njia ya namba za herufi. Hakuna bloku ya kukuambia A ni 65. Unalazimika kutumia orodha ya herufi 26, na kwa maoni yangu kulazimishwa huku ni neema. Tengeneza orodha iitwayo ALFABETI. Ukichoka kujaza herufi moja moja, ziandike kwenye faili la maandishi, moja kila mstari, kisha ubofye orodha kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuliingiza. Toleo la 3.0 lina bloku inayokuambia kitu kiko nafasi ya ngapi ndani ya orodha, na kama hakimo inakupa 0. Mpango kwa maneno ni huu:

```
jibu = (tupu)
i = 1
rudia mara (urefu wa ujumbe)
    h = herufi ya i ya ujumbe
    n = nafasi ya h ndani ya ALFABETI
    kama n = 0
        jibu = unganisha jibu na h
    sivyo
        n = ((n - 1 + ufunguo) baki 26) + 1
        jibu = unganisha jibu na kitu cha n cha ALFABETI
    i = i + 1
```

Shimo liko kwenye ule mstari wa kutoa 1 na kurudisha 1. Scratch inahesabu kuanzia moja: A ni 1, Z ni 26. Lakini baki ya 26 haiwezi kamwe kuwa 26. Inaanzia 0 na kuishia 25. Anayeanza anaandika `(n + ufunguo) baki 26`, anajaribu maneno mawili matatu, yanatoka sawa. Kisha anajaribu WEWE na skrini inaonyesha HH. W ni ya 23, ongeza 3 ni 26, baki ni 0, na kitu cha 0 cha orodha ni utupu. Scratch haisemi neno. Inakata herufi na kuendelea. Kwa ufunguo 3 ni W pekee inayopotea, na Kiswahili kimejaa W, kwa hiyo utaligundua mapema. Kwa ufunguo 2 ingepotea X, nawe ungeweza kukaa mwaka mzima hujui.

Jambo jingine: kwa Scratch, a na A ni kitu kimoja inapolinganisha. Ujumbe "Nyota" ukipita kwenye orodha ya herufi kubwa unatoka QBRWD bila wewe kuubadilisha kwanza. Ni raha, hadi siku utakapotaka ukubwa wa herufi ubaki kama ulivyoandikwa. Hapo Scratch inageuka mlima, na ujanja unaotumika kuuzunguka, wa kuyapa mavazi ya picha majina ya herufi, ni wa kuchosha kuliko kujifunza lugha nyingine.

Mwisho, bloku unazojitungia mwenyewe hazirudishi jibu. Huwezi kuandika "fumba hiki, nipe matokeo" ndani ya bloku nyingine. Lazima jibu liwekwe kwenye kigeu, kisha ulichukue huko. Kwa programu moja fupi hutaona tofauti. Utaiona tutakapofika kwenye kuvunja.

BASIC: kwa mwenye sababu

BASIC ilizaliwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mikononi mwa John Kemeny na Thomas Kurtz, na ilikusudiwa wanafunzi wasio wa sayansi. Leo njia rahisi ya kuipata ni QB64, inayoendesha programu za QBasic, toleo la zamani la BASIC, kwenye Windows, Linux na macOS.

```basic
A$ = "ABCDEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZ"
LINE INPUT "Ujumbe: ", ujumbe$
INPUT "Ufunguo: ", ufunguo
ujumbe$ = UCASE$(ujumbe$)
FOR i = 1 TO LEN(ujumbe$)
    h$ = MID$(ujumbe$, i, 1)
    n = INSTR(A$, h$)
    IF n > 0 THEN
        n = (n - 1 + ufunguo + 26) MOD 26
        h$ = MID$(A$, n + 1, 1)
    END IF
    jibu$ = jibu$ + h$
NEXT i
PRINT jibu$
```

Hapa mashimo mawili yamekutana: inahesabu kuanzia moja kama Scratch, na baki yake hasi ni kama ya JavaScript. Ndiyo maana kuna −1, +26 na +1 ndani ya mistari miwili. Ongezeko la 26 linatosha mradi ufunguo haushuki chini ya −26. `LINE INPUT` nimeiweka kwa makusudi, maana `INPUT` ya kawaida huichukulia alama ya mkato kuwa kitenganishi cha majibu, na ujumbe wenye mkato huleta matata.

Ukikosea jina la kigeu, BASIC inakitengeneza kipya chenye thamani ya sifuri na kuendelea. Andika `ufungo` mahali pa `ufunguo`, ujumbe utatoka vilevile ulivyoingia. Hufumbi chochote na huambiwi kitu.

Sababu ya kuichagua? Unayo kompyuta ya zamani, au unayo mazoezi ya zamani ya kufuata, au unapenda. Inasomeka vizuri, hilo silikatai. Ila kwa anayeanza leo bila historia yoyote nayo, sioni inachokupa ambacho Python haikupi kwa matata machache zaidi.

Herufi ndogo, kubwa, na ritifaa

Mifano yote hapo juu inageuza ujumbe kuwa herufi kubwa. Ukitaka Zawadi itoke Cdzdgl, ikiwa na Z yake kubwa na nyingine ndogo, Python na JavaScript zinahitaji alfabeti ya pili ya herufi ndogo na sharti moja la ziada. BASIC vivyo hivyo. Scratch, nimekwisha kusema.

Mkiwa hapo, jaribuni neno ng'ombe. Ritifaa lazima ipite bila kuguswa: NG'OMBE kwa ufunguo 3 ni QJ'RPEH. Wanaotumia Python wengine hupima herufi kwa `isalpha()` badala ya kuuliza kama imo kwenye alfabeti. Hiyo inakubali herufi za lugha zote, é na herufi za Kiarabu zikiwemo, na ikiletewa moja ya hizo, kuitafuta kwenye `ALFABETI` kutaiangusha programu. Swali "imo kwenye alfabeti yangu?" ni salama zaidi.

Nani anavunja kwa wepesi?

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua, na la Kaisari halimhitaji hata mwerevu sana. Funguo zake ni 25 tu. Zijaribu zote, soma matokeo, moja litasomeka. Kwa Python ni mistari miwili juu ya fanksheni tuliyokwisha kuiandika:

```python
for k in range(1, 26):
    print(k, fumba("QBRWD BDQJX", -k))
```

JavaScript ni vivyo hivyo. Kwenye BASIC uliyoiona hapo juu inabidi upange upya, uifunge kazi ndani ya `FUNCTION` kwanza. Kwenye Scratch unaweka kitanzi cha mara 25 kinachobadilisha ufunguo, kinachoita bloku yako, kinachongoja kigeu cha jibu, kisha kinakiongeza kwenye orodha. Inafanyika, na orodha ya majibu ikijijaza mbele ya macho ya mtoto inapendeza kuliko maandishi meupe ya Python. Lakini ukisahau kukifuta kigeu cha jibu mwanzoni mwa kila mzunguko, majibu yote yanashikamana kuwa treni moja.

Kuna njia ya akili zaidi, ambayo msingi wake ni wa karne ya 9: Al-Kindi wa Baghdad alionyesha kwamba herufi zinazojirudia sana kwenye lugha zinalisaliti fumbo. Kiswahili kinajisaliti kupita kiasi. Karibu maneno yetu yote huishia na irabu, na A imetapakaa kila mahali. Kwa ufunguo 3, irabu zinakuwa D, H, L, R na X, na maneno yako yataishia kwa hizo tano. Mapengo kati ya irabu kwenye alfabeti ya 26, kutoka A kuzunguka hadi A tena, ni 4, 4, 6, 6, 6, nayo hayabadiliki kwa ufunguo wowote. Kusanya herufi za mwisho za maneno, pima mapengo, ufunguo unao bila kujaribu hata mmoja. Zoezi hilo la pili naliona tamu kuliko la kwanza, na ni Python au JavaScript zitakazokufikisha huko bila kuvunja mgongo. Nywila zako, bila shaka, usizihifadhi kwa fumbo hili.

Ukihama kutoka moja kwenda nyingine

Wengi hawatabaki na lugha moja. Njia ninayoipenda ni kuanza na Scratch kwa siku chache hadi kuzungusha kueleweke, kisha kuhamia Python. Kuhama huko kuna mtego wake. Mtu anauchukua mpango wake wa Scratch na kuuandika upya kwa Python akiacha ile −1 na +1 mahali pake:

```python
mpya = (nafasi - 1 + ufunguo) % 26 + 1
```

Python inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo hazihitajiki. Lakini jaribu kwa ufunguo 3: NYOTA inatoka sawa, ZIWA sawa, WEWE sawa, NG'OMBE sawa. Herufi moja tu inaiangusha programu, X, ambayo ilipaswa kuwa A na badala yake inatumwa kwenye nafasi ya 26 isiyokuwepo. Kwa ujumbe wa Kiswahili huenda usiione kamwe, hadi ubadilishe ufunguo kuwa 5 na ujumbe uwe na V.

Kwa hiyo, lugha yoyote utakayochagua, kabla ya kumwonyesha mtu ifumbe alfabeti nzima kwa ufunguo 3, kisha kwa −3. Ya kwanza itoke DEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZABC, ya pili XYZABCDEFGHIJKLMNOPQRSTUVW. Zihesabu: ziwe 26 kila upande.